Maji Moto ya Kulipia, Bata wa Bure

Mama alipoiona picha alipiga simu papo hapo. "Yaani mwanangu, umetoa hela yako ukajitie sufuriani?" Nilikosa jibu. Pichani kichwa changu kimechomoza kwenye pipa la mbao, kofia ya sufi hadi masikioni, mvuke unafuka pande zote na dohani inatoa moshi. Kusema kweli nilifanana na muhogo ulio jikoni.

Pipa lenyewe lilikuwa nyuma ya kibanda cha mbao karibu na Loch Leven, ziwa la hifadhi kando ya mji mdogo wa Kinross, kaskazini mwa Edinburgh. Vibanda vya namna hii vimejaa Uskoti siku hizi. Tafuta malazi karibu na hifadhi yoyote: linatangazwa jakuzi kwanza, yaani pipa au beseni la maji moto la kujilowesha, kisha kitanda, na ndege wanatajwa mwishoni, kama wametajwa. Nilikwenda nimeshajiandaa kudharau. Nimerudi nikiwatetea wenye vibanda, ingawa si wote.

Maana tuanze na hela. Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali kwa miguu, mwituni, milimani, kando ya maziwa, mradi asiharibu wala asisumbue. Hakuna geti, hakuna kiingilio. Sisi tuliozoea kuonyesha risiti langoni Ngorongoro tunahisi lazima kuna mtego. Njia inayolizunguka Loch Leven ina kama kilomita 21, nawe unaitembea bure, huku ukiitazama kisiwani ngome alimofungwa Malkia Mary wa Waskoti mwaka 1567, akatoroka mwaka uliofuata. Kwa hiyo mwenye kibanda hakuuzii hifadhi hata kidogo. Anakuuzia maji moto. Mama ana hoja.

Ila mama hajawasikia bata bukini. Sisi tumewapa jina la Bukini, yaani Madagaska, lakini hawa wa Loch Leven, wenye miguu ya rangi ya waridi, hutoka Iceland na Greenland kila vuli. Mchana wako mashambani wanaokota masalia ya shayiri na viazi. Jioni wanarudi kwa maelfu kulala juu ya maji, mbweha asiwapate. Na jioni ya Novemba huko inaingia saa kumi, na baridi yake inang'ata hadi kwenye fizi. Mtu wa Tanga kama mimi, hata umvishe makoti mawili, atasimama nje dakika kumi halafu atasema ameshaona.

Ndani ya maji ya nyuzi 38 nilikaa zaidi ya saa nzima, vidole vimenywea kama vya dobi. Kwanza unasikia kama vibwa vidogo vinabweka mbali sana. Kelele zinakua, mstari unatokea angani, mwingine nyuma yake, mwingine tena, na wakifika juu ya ziwa wanajipindua ubavu huu na ule, wanaumwaga upepo mbawani na kudondoka kama majani makavu. Mume wangu, ambaye huongea hata usingizini, alinyamaza.

Tabu zipo. Tuliambiwa pipa litapata moto kwa saa mbili. Kuni zilikuwa mbichi, tukangoja saa nne na nusu, na bado juu maji yaliunguza huku miguuni ni barafu, mpaka nikayakoroga kwa kasia kama pilau ya harusi. Na sitaeleza safari ya kutoka pipani hadi mlangoni, pekupeku, juu ya mbao zenye sakitu.

Ninaowalaumu ni wengine. Usiku wa pili kibanda jirani kilipata wageni. Lao lilikuwa jakuzi la umeme, pampu inavuma kama friji bovu, taa za bluu na zambarau chini ya maji, spika juu ya ukingo. Bata walipita, tukawaona, hatukuwasikia. Hao wageni siwalaumu sana, maana wametumia walichopewa. Aliyefunga taa za disko mita chache kutoka hifadhini ndiye wa kuulizwa. Mtu hawezi kuuza utulivu wa ziwa kwenye tangazo, kisha akatundika spika juu yake. Pipa la kuni, taa moja hafifu, muziki marufuku baada ya jua kuzama: yaandikwe kwenye masharti, na asiyeyataka akalale hotelini mjini.

Jumapili alfajiri pipa lilikuwa limepoa, jani moja linaelea. Bata wakaanza kuondoka, kundi kwa kundi. Nikampigia mama simu ya video, nikaigeuza kamera juu.

"Wote hao ni bata?"

"Wote, mama."

Kimya kidogo. "Na hawaliwi?"