Hoteli za majumba ya kale Meksiko: chagua chumba, si hoteli

Picha ya kwanza huwa ileile. Ua wa ndani, nguzo za mawe, matao, chemchemi katikati, maua ya zambarau yameangukia ukutani. Mtu anaitazama, anatoa kadi, analipia siku nne. Akifika anapewa chumba cha chini ambacho mwanga wake wote unaingia kwa mlango, na mlango wenyewe unatazama ua uleule uliomvutia, ambao jioni hugeuka mgahawa. Hakudanganywa, maana ua upo. Ila hakulipia kulala uani.

Kwa maoni yangu, katika hoteli hizi ndogo za kifahari za Mexico City, Oaxaca, Puebla au Mérida, namba ya chumba ina uzito kuliko jina la hoteli. Hoteli ya kisasa yenye vyumba 200 imetoka kwenye kalibu moja. Jumba la karne ya 18 lenye vyumba 15 halina kalibu: chumba kimoja kilikuwa ukumbi wa bwana mwenye nyumba, cha chini yake kilikuwa zizi la farasi, na leo vyote viwili vina shuka nyeupe na sabuni ya lavenda.

Ukijua jumba lilivyopangwa, nusu ya kazi imekwisha. Unaingilia lango kubwa la mbao, na nyuma yake kuna ukumbi wa kupitia uitwao zaguán. Neno hilo Wahispania walilitoa kwenye Kiarabu cha Andalusia, na kazi yake ni ya daka katika nyumba za Lamu na Mji Mkongwe: mgeni anasimama pale, na wa barabarani haoni ndani. Ghorofa ya chini ilikuwa ya maduka, ghala na wanyama. Juu yake, katika majumba makubwa, kuna nusu-ghorofa iitwayo entresuelo, dari fupi, iliyokuwa ya makarani na wahudumu. Familia ilikaa juu kabisa, kwenye dari ya mita nne au tano na milango mirefu inayofunguka kwenye roshani. Aliyezoea nyumba zetu za boriti za mikoko, ambazo upana wa chumba huishia pale boriti inapoishia, mita tatu hivi, atashangaa. Kule boriti ni za miti mirefu ya milimani, na vyumba vya juu ni vipana kweli.

Basi ombi la kwanza ni chumba cha juu. La pili, wengi hawalijui: uliza kama jumba lina ua wa pili, segundo patio. Nyumba nyingi kubwa zilikuwa nao, nyuma ya ule wa kwanza, kwa ajili ya jiko na watumishi. Vyumba vyake ni vidogo na havipigwi picha, lakini ndiko kwenye usingizi.

Kelele ndiyo lalamiko kubwa, na wengi hukosea chanzo chake. Ukuta wa mawe au udongo wenye unene wa sentimita 60 hadi 80 unazuia mtaa vizuri mno. Udhaifu uko mlangoni. Mlango wa kale una mbao mbili zinazokutana katikati, na chini yake hupita kidole. Ua nao ni kama kisima: kiti kinachoburutwa chini saa kumi na mbili asubuhi, meza zikipangwa kwa kifungua kinywa, unakisikia juu kana kwamba kimo chumbani. Vyumba vya roshani vina shida tofauti. Kioo ni kimoja chembamba, na katikati ya Mexico City utasikia kinanda cha mkono cha wale wacheza muziki wa barabarani, kisha gari linalopita likirudiarudia sauti ya mtoto iliyorekodiwa ikitangaza kununua magodoro na friji chakavu. Oaxaca kuna maandamano ya harusi yenye matarumbeta, hasa Jumamosi karibu na kanisa la Santo Domingo, na fataki za sikukuu za watakatifu kabla hakujapambazuka. Hayo mimi nayasamehe, ndiyo mji wenyewe. Nisilolisamehe ni baa ya juu ya paa ambayo mwenye hoteli ameiweka mwenyewe, juu ya vichwa vya wageni wanaolipa bei ya juu kuliko wote.

Kwa hiyo andika ujumbe kabla ya kulipa, kwa Kihispania, maana unajibiwa upesi zaidi: «¿La habitación tiene ventana a la calle, al patio, o es interior?» Yaani, chumba kina dirisha la barabarani, la uani, au ni cha ndani? Wakijibu interior, jua hakuna dirisha la maana, pengine ni tundu la kioo darini tu. Kisha: «¿Hasta qué hora hay música en la terraza?» Yaani, muziki wa juu ya paa unakwisha saa ngapi? Ukipata jibu, omba namba ya chumba iandikwe kwenye nafasi yako.

Mambo mengine hayamtegemei mwenye hoteli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inalinda majengo ya karne ya 16 hadi ya 19, na taasisi iitwayo INAH ndiyo inayotoa kibali cha kuyagusa. Kutoboa dirisha au kuvunja ukuta si jambo la kumwita fundi kesho asubuhi. Ndiyo maana mara nyingi lifti hakuna, na ndiyo maana bafu mara nyingi ni sanduku la kioo au mbao lililosimamishwa ndani ya chumba bila kugusa dari, ili siku moja liweze kuondolewa. Linapendeza. Lakini ukisafiri na mama yako au rafiki, uliza kama choo kina mlango unaofunga: «¿El baño tiene puerta?»

Unyevu, kwa upande mwingine, mara nyingi ni kosa la fundi. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, nayo hupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka taratibu. Akija mtu akapiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji hunaswa ndani na chumvi husukuma rangi nje. Tazama ukuta wa chini, kutoka sakafuni hadi kiunoni. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge, pitisha kidole. Ukibaki na unga mweupe, wanaouita salitre, hicho chumba nguo zako zitanuka. Usikubali kuwashiwa ubani, badilisha chumba.

Sakafu iliyoinama ni kitu kingine. Mexico City imekaa juu ya tope la ziwa la zamani na inadidimia. Kalamu ikiviringika mezani, peke yake hiyo si dalili ya hatari. La kuuliza ni tetemeko: wapi pa kukusanyika, na nani anafungua lango la zaguán usiku, kwani hoteli ndogo hulifunga. Mji una vipaza sauti vya tahadhari, vinavyosaidia zaidi tetemeko likianzia mbali, pwani ya Pasifiki. Lile la tarehe 19 Septemba 2017 lilianzia karibu, na mlio ulifika karibu sawa na mtikisiko. Viatu na ufunguo viwe karibu na kitanda.

Baridi pia. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, na Desemba na Januari usiku hushuka hadi nyuzi 5 au 6. Mfumo wa kupasha joto kwa kawaida hakuna, na jiwe likishapoa halina haraka ya kupata moto. Omba blanketi la ziada, una cobija más, kabla dawati halijabaki na mlinzi peke yake. Mérida ni kinyume kabisa: Aprili na Mei joto hufika nyuzi 40. Huko omba kiyoyozi, na ukiona ndoano za chuma ukutani, ni za kutundikia machela ya kulalia.

Bombani, C ni caliente, yaani moto, na F ni fría, baridi. Ila koki ikiwa ya kuagizwa, yenye H na C, hapo C ni baridi. Jaribu kwa kidole kwanza. Maji ya moto husafiri mbali kutoka kwenye hita, yape dakika tano. Bafu likinuka kama mtaro, kwa kawaida ile kona ya bomba chini ya tundu la sakafuni imekauka kwa kukosa mgeni, na lita moja ya maji huimaliza harufu hiyo.

Umeme ni volti 127, plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu haina shida, lakini pasi uliyotoka nayo Dar haitapata moto wa maana.

Bei nayo ina mtego wake: alama ya $ kule ni ya peso. Tena angalia kama imeandikwa más impuestos, yaani kodi haijajumlishwa. Chumba cha peso 3,000 huongezwa VAT ya asilimia 16, yaani 480, na kodi ya malazi ya jimbo. Ikiwa asilimia 3 ni 90 nyingine, jumla 3,570. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dola au peso, bonyeza peso.

Ukishafika, usifungue begi. Funga mlango, kaa kimya dakika moja usikilize, gusa ukuta, fungulia maji, vuta pumzi bafuni. Kama hukuridhika, rudi mapokezi mara hiyohiyo na utaje namba ya chumba unachokitaka. Saa moja baadaye wageni wengine watakuwa wameshapanda na mabegi yao.