Tone la damu bado halijaipiku kamera ya retina

Wazo lenyewe linavutia: mgonjwa wa kisukari atolewe damu, na maabara iseme kama retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeanza kuharibika, bila kupigwa picha ya jicho. Pale ambapo daktari wa macho yuko mbali na maabara iko jirani, nani asingelitaka?

Wanaolitetea wana msingi. Utafiti wa DCCT uliofanyika Marekani na Kanada, matokeo yake yakatolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari aina ya 1, kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya retina kuanza kuugua kwa asilimia 76. Kwa hiyo HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, ile "sukari ya miezi mitatu", si ya kupuuzwa. Ila takwimu hizo hizo zilipochambuliwa upya, HbA1c pamoja na muda wa ugonjwa vilieleza takriban asilimia 11 tu ya tofauti ya hatari kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Halafu kuna chembe nyekundu ya damu yenyewe. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hiyo, katika uhai wa chembe, kama siku 120. Kwa mwenye selimundu chembe hufa mapema, kwa hiyo majibu hutoka chini kuliko hali halisi; upungufu wa madini ya chuma huweza kuyapandisha. Kwa kliniki za Kanda ya Ziwa, ambako selimundu si ugeni, hilo si jambo dogo.

VEGF, protini inayootesha mishipa mipya, ndiyo inayosifiwa zaidi. Ndani ya jicho lililofikia hatua ya kuota mishipa hiyo, VEGF huwa juu kweli, na sindano za dawa ya bevacizumab huilenga hiyo hiyo. Kwenye damu ya mkono mambo hubadilika. Damu ikiganda katika chupa ya kifuniko chekundu, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, humwaga VEGF zake na namba hupanda bila jicho kuhusika. Chupa ya zambarau yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ni afadhali, mradi isicheleweshwe kuzungushwa mashineni.

Mkojo ni rahisi zaidi. Albumini, protini ya damu inayovujia kwenye mkojo, ikifika miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, macho yaangaliwe upesi. Kinyume chake hakishiki: wapo wa aina ya 2 wenye mkojo safi na retina inayovuja, tena wakisoma ubao wa macho hadi 6/6, yaani uoni wa kawaida.

Kwa maoni yetu, kiashiria cha damu au mkojo kimsogeze mtu mbele kwenye foleni ya kamera, kisimwondoe. Mtego mbaya zaidi ni pale insulini inapoanzishwa na HbA1c kuporomoka, tuseme kutoka asilimia 12 hadi 7, ndani ya miezi michache: retina iliyokwisha kuugua huweza kuzidi kuharibika kwa muda, wakati kadi ya kliniki inapendeza. Kabla ya kuanza insulini, mgonjwa atiwe matone ya tropikamidi asilimia 1, ya kupanua mboni, asubiri dakika 20 hadi 30, apigwe picha macho yote mawili.