Bango lisilo na tarehe ya kushushwa lisipandishwe

Uchaguzi ukipita, wagombea huondoka barabarani lakini sura zao hubaki. Chuno, Ligula, Magomeni, Mikindani, popote penye ukuta unaotazama njia, karatasi hupauka na kuchanika nusunusu. Anayekuja kuzikwangua ni mwenye nyumba, na yeye ndiye hakuulizwa zilipokuwa zinabandikwa. Hatua chache mbele kuna kibao cha "Kiwanja kinauzwa" chenye namba ya simu peke yake, na kiwanja chenyewe huenda kimeshauzwa kitambo.

Tumezoea kuyaona haya kama mambo mawili. Kwangu mimi ni jambo moja, na dawa yake ni moja: kila tangazo linalosimama nje ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani liwe na jina la aliyeliweka na tarehe ya kulishusha. Tarehe ikipita, gharama ya kulitoa imfuate yeye. Sheria ya mamlaka za miji, Sura 288, inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya fedha za serikali za mitaa, Sura 290, inaipa uwezo wa kutoza. Tatizo ni kwamba kwenye mabango tunafikiria ada tu. Ada inajibu swali la kama bango limelipiwa, haisemi litatoka lini.

Tuanze na mahali. Kwenye barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya lami. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Ukichimbia nguzo humo bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara hizo, umejitafutia hasara, hata kama nyuma yake kuna shamba lako. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na huko ndiko vibao vingi vya viwanja husimama. Kwenye kona pana hatari yake. Macho ya dereva wa bajaji, wa bodaboda na wa gari dogo yako kati ya mita moja na mita mbili kutoka chini. Kibao cha kimo hicho kikiwekwa pembeni mwa njia panda kinamficha mtoto anayetoka shuleni. Kirudishe ndani ya kiwanja, au kishushe chini ya usawa wa kiuno.

Nguzo za umeme zisiguswe kabisa. Nguzo ya mti hutiwa dawa, na dawa hiyo haifiki sawasawa hadi kwenye kiini. Msumari wa inchi tatu hutoboa tabaka la nje, maji ya masika hupenya, mchwa hufuata. Halafu kuna fundi anayepanda na vyuma miguuni usiku wa mvua. Kichwa cha msumari kikikutana na chuma chake, mguu unateleza. Maisha ya mtu hayalinganishwi na picha ya diwani. Mkorosho na mwembe navyo vina mwenyewe, na jeraha la msumari ni mlango wa ugonjwa.

Mikindani inahitaji ukali wa peke yake. Kuta za zamani kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipaka uji wa unga wa ngano au muhogo na kubandika karatasi, uji unashikana na ngozi ya chokaa. Siku ya kuibandua, karatasi inatoka na tabaka la ukuta mgongoni, nyeupe, nene kama ganda la yai, na nyuma linabaki jiwe tupu linalokunywa chumvi ya bahari. Fundi akija kuziba kwa saruji anaharibu zaidi, kwa sababu saruji hairuhusu ukuta upumue na unyevu hutafuta pengine pa kutokea. Ningependa sheria ndogo iseme waziwazi kwamba kwenye nyumba za mawe hakuna kubandika, chama chochote, kanisa lolote, msikiti wowote, msanii yeyote. Anayetaka kutangaza hapo asimamishe ubao wenye miguu mbele ya nyumba, kwa ridhaa ya mwenyewe, na jioni auingize ndani.

Ridhaa iwe ya maandishi. Mistari mitatu inatosha: jina la mwenye nyumba, jina la mwombaji, na tarehe ya mwisho. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa mtaa. Hii inamlinda mgombea pia, kwa sababu kanuni za maadili ya uchaguzi zinakataza kuharibu mabango ya mwenzako, na bila karatasi ya ridhaa hujui kama aliyelichana ni mpinzani au ni mwenye ukuta wake. Walio jirani na shule na ofisi zinazotumika kupigia kura wawe macho zaidi. Zile mita 200 kuzunguka kituo cha kura, zilizobishaniwa hadi Mahakama Kuu mwaka 2015 zinahusu pia kuonyesha alama za vyama siku ya kura. Kampeni za mwaka 2025 zilifungwa 28 Oktoba na kura ikapigwa kesho yake, kwa hiyo muda wa kushusha ulikuwa usiku mmoja. Timu ya kubandua ipangwe siku ileile inapopangwa timu ya kubandika.

Sasa viwanja. Fedha za korosho zikianza kuingia, vibao vya madalali huchipua kama uyoga. Kibao kizuri kina namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, na neno moja la kusema kama kina hati au hakijapimwa. Wapo wanaoogopa kuandika namba ya kiwanja kwa hofu ya matapeli. Nawaelewa, ila tapeli hustawi zaidi pale mnunuzi asipoweza kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuangalia kiwanja ni cha nani. Dalali naye asichimbie nguzo kabla mke na mume hawajakubaliana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake. Na wewe uliyeandika "Nyumba hii haiuzwi" kwa rangi nyekundu ukutani, maandishi hayo yanamwonya mpita njia tu. Kama nyumba ina hati, zuio la kuiuza lisajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Kwa kipimo, ubao wa sentimita 60 kwa 90 unatosha. Kila mita 3 za umbali zinataka sentimita 2.5 za herufi, hivyo anayesoma kutoka mita 12 anahitaji herufi za sentimita 10. Maneno ya herufi za kimo hicho yakizidi sita hayaingii. Mirunda miwili ishuke sentimita 60 ardhini, maana mchanga wetu ni laini na kusi likivuma linaulaza ubao wa mguu mmoja. Tumia skrubu zilizopakwa zinki, kwani msumari wa kawaida karibu na bahari hutoa machozi ya kutu juu ya maandishi. Ukishusha, ng'oa mirunda yote na ushindilie udongo shimoni. Shimo la nguzo lililoachwa wazi kwenye majani linavunja mguu wa mtu.