Khalati hakuwa teja

Chupa ya khalati ya mofini, dawa ya maumivu makali, ilikaa juu ya kabati wiki nzima, tumeificha nyuma ya jagi. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imemlaza chumba cha nyuma, hapa Majengo, nasi twamwekea akiba. "Tukimpa sasa atazoea," ami alisema, "maumivu makali yakija dawa haitashika." Usiku akilia, sisi twasoma dua chumba cha pili.

Aliyekulia Mombasa anajua hofu hiyo yatoka wapi. Nani hapa hana jirani aliyemalizwa na unga? Na heroini hutengenezwa kwa mofini, sitaficha. Ila twachukua mambo matatu tukayapa jina moja: uteja.

Mwili kuzoea dawa ni kipimo kilichokuwa kikikutuliza juzi kukosa nguvu leo. Arosto ni jambo jingine: dawa ikikatwa ghafla, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, tumbo likamvuruga. Hayo humpata yeyote aliyeitumia wiki kadhaa, hata bibi ambaye hajawahi kushika sigara, ndiyo maana hupunguzwa polepole. Teja naye huisaka dawa hata ikimbomolea nyumba. Khalati alikuwa akisaka usingizi tu.

Sista wa hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa wa maradhi yasiyopona, alipokuja, aliiteremsha chupa mwenyewe. Panadol, alisema, ina mpaka wake, gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mofini haina mpaka wa namna hiyo. Daktari huipandisha kidogo kidogo madhali maumivu yapo. Tena kwa wagonjwa wa saratani, mara nyingi kipimo hupanda kwa sababu uvimbe umekua, wala si mazoea ya mwili. Kwa hiyo akiba yetu haikuwa akiba ya kitu chochote. Anywe kila baada ya saa 4, asingojewe alie kwanza.

Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo mwili huvizoea upesi. Choo kigumu hauzoei kamwe, na hapo papai halitoshi (tulijaribu): dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile.

Ami hakukubali mpaka mwisho. Alikuwa akinung'unika huku akipima dawa kwa bomba la sindano, jicho moja kalifumba. Alamu ya simu yake bado yalia saa kumi na mbili asubuhi. Hajaifuta.