Kabla ya kuniuliza wa pili, niulizeni kwa nini nilipasuliwa

Binti yangu alikuwa hajamaliza mwaka maswali yalipoanza. Kisimani, msibani, hata mwaloni nikinunua migebuka: "Mama, mwenzake yuko wapi?" Nilikuwa natabasamu, kisha nafika nyumbani nalia. Hakuna aliyejua kwamba nikisikia jirani ameshikwa na uchungu, viganja vyangu vinalowa jasho.

Uchungu wangu wa kwanza ulinianza jioni moja ya Julai, kijijini kwetu kusini mwa Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kusi lilikuwa limelichafua ziwa na hakuna boti iliyothubutu kutoka. Muuguzi wa zahanati alikesha nami, akifanya kila alichoweza. Nilifika hospitali kesho yake saa nne asubuhi, nikaingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka amechoka, akalia baada ya kuhangaikiwa, na mimi nikaongezewa chupa mbili za damu. Tulipona wote wawili, na waliotuokoa nitawaombea maisha yangu yote. Lakini siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya Kiingereza iliyojaa vifupi vya maneno, nikaambiwa mshono usilowe. Sababu ya kupasuliwa sikuelezwa, nami sikuthubutu kuuliza.

Nyumbani jibu lilikuwa tayari: nyonga nyembamba. Kwetu kila aliyepasuliwa ana nyonga nyembamba, na hutamkwa kama kasoro, tena mbele ya mume. Nililibeba neno hilo miaka miwili, hadi siku nilipoitoa ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni na kumpa nesi wa kliniki. Aliisoma mara mbili. "Dada," akasema, "habari za nyonga hazimo humu. Mtoto alitanguliza makalio." Nililia pale pale kwenye benchi.

Ndiyo maana nasema, kwa mama aliyepasuliwa, kupanga uzazi wa pili huanzia kwenye swali la kwa nini alipasuliwa, kabla hata ya mimba. Mtoto kutanguliza makalio safari ya kwanza hakumaanishi wa pili naye atakaa hivyo. Kama nyonga kweli hazikutosha, mazungumzo ni mengine. Utapangaje safari kama hujui ya kwanza ilikwamia wapi?

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulisikia. Kovu la tumboni halielezi kovu la kwenye mfuko wa uzazi. Ngozi inaweza kuchanwa kwa kulala, na ndani mfuko ukachanwa wima. Aliyechanwa mara moja kwa kulala, sehemu ya chini ya mfuko, na hana tatizo jingine, mara nyingi anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Katika kila wanawake 100 wanaojaribu, kama 60 hadi 80 hufanikiwa. Aliyechanwa wima sehemu ya juu hashauriwi kusubiri uchungu, hupangiwa operesheni mapema. Na hata kwa wale wa kundi langu, la waliochanwa kwa kulala, kovu la ndani huachia kwa takriban mmoja katika kila 200 wanaojaribu. Likiachia, mama na mtoto wanahesabiwa dakika. Kwa hiyo zahanati yetu, pamoja na upendo wote nilionao kwa yule muuguzi, siyo tena mahali pangu pa kujifungulia. Nahitaji mahali penye chumba cha upasuaji na damu, mchana na usiku.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua hadi mimba nyingine. Sisi tulikaa zaidi ya hapo, kwa kijiti. Kovu lilihitaji muda, na mimi pia. Hofu baada ya uzazi mgumu ni jeraha, na mume wangu alikuwa wa kwanza kulielewa hilo. Namshukuru.

Sasa nina miezi saba. Daktari amekubali nijaribu, mradi uchungu uje wenyewe na mtoto awe ametanguliza kichwa. Ikishindikana, nitapasuliwa, na nimeshalikubali hilo moyoni. Rafiki yangu mmoja amechagua operesheni tangu mwanzo na sitaki kusikia mtu akimwita mwoga. Wiki ya 37 nitahamia kwa shangazi Ujiji, nisiligombanie ziwa usiku. Mume wangu na shemeji zangu wawili watatoa damu kabla. Namba 115 ya m-mama, ile ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, iko kwenye simu zetu zote, na kuipiga ni bure.

Lililonitesa zaidi ni dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Mama mkwe alikuwa ameshaziandaa, kwa upendo kabisa, kama alivyoandaliwa yeye. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, kuna kovu ndani. Uchungu ukisukumwa kwa nguvu, linaweza kuachia. Hata hospitali kuna dawa za uchungu wasizompa mtu mwenye kovu kama langu." Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani nimemkosea.

Juzi amekuja na kanga mbili mpya na lita moja ya mawese. Akakaa, akauliza, "Mwanangu, umesema wiki ya ngapi?"

"Ya 37, mama."

Akahesabu kwa vidole, akasema mwenye boti lazima aambiwe mwezi huu huu, na kwamba safari hii tunavuka asubuhi.