Zuio la muda katika kesi za alama za biashara: nani abebe hatari?

Kesi ya alama ya biashara hufa au kupona siku ombi la zuio la muda linaposikizwa, hata hukumu yenyewe ikiwa bado mbali. Chukua mtengenezaji wa sabuni anayeikuta katika soko la Kamukunji pakiti yenye rangi zile zile za kwake, jina limebadilishwa herufi moja. Wakili wake anakimbilia Mahakama Kuu pale Milimani, Nairobi, na ombi la dharura: mpinzani aache kuuza hadi kesi iishe.

Nchini Kenya kipimo kinajulikana tangu uamuzi wa Giella dhidi ya Cassman Brown wa 1973. Mwombaji aonyeshe kesi yenye mashiko, aonyeshe hasara isiyofidika kwa pesa, na mahakama ikibaki na shaka, ipime nani ataumia zaidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Nguruman, ilisisitiza kwamba hivi ni vizingiti vya kuvukwa kimoja baada ya kingine.

Kizingiti cha pili ndicho kinachowatesa wenye alama. Mpinzani husema: umepoteza mauzo, mauzo huhesabika, basi subiri ulipwe. Hoja hiyo hainiridhishi. Mnunuzi aliyewashwa ngozi na sabuni ya kuigwa hatafuti aliyeitengeneza. Analaumu jina analolijua, kisha anahamia kwingine kimya kimya. Mteja huyo haonekani kwenye daftari lolote. Na mwigaji ambaye hana hata vitabu vya hesabu, fidia utaikata kutoka wapi?

Lakini si kila anayeshtakiwa ni mwizi. Rangi ya kijani au neno la kila siku halipaswi kuwa mali ya kampuni moja. Mfanyabiashara mdogo akifungiwa kuuza, mkopo wa benki haufungwi naye. Vibarua wanarudishwa nyumbani, maduka yanajaza rafu kwa bidhaa nyingine, na akija kushinda baadaye hana tena soko la kurudia. Wala hawezi kumwambia wakili "nitakulipa tukishinda", kwani Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiutambui mkataba wa namna hiyo. Kanuni za 2010 za mwenendo wa kesi za madai zinampa nafuu kiasi: zuio lililotolewa kwa kusikiza upande mmoja halizidi siku 14 kabla ya kuangaliwa upya, na kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12 zuio huanguka, isipokuwa mahakama ione sababu ya kulibakisha. Miezi 12 bado ni mingi kwa duka dogo.

Mimi naegemea upande wa kutoa zuio mapema, kwa sharti moja zito: mwombaji aweke dhamana ya kweli, pesa au hati ya udhamini wa benki, ya kumfidia mpinzani ikibainika zuio halikustahili. Mahakama ina mamlaka ya kuidai. Ahadi ya maneno ndani ya hati ya kiapo haimlipi kibarua mshahara.

Wakili naye ana deni lake. Anapozungumza na jaji bila upande wa pili kuwapo, lazima aseme hata yanayomuumiza mteja wake, kwa mfano barua inayoonyesha kwamba mteja aliijua pakiti ile kwa muda mrefu na akanyamaza. Akiificha, upande wa pili utakuja nayo, na zuio linaweza kufutwa kwa sababu hiyo tu, hata kama alama iliigwa kweli.