Ghorofa la fremu chini na makazi juu: Mtwara ilijenge vipi?

Kila kiwanja cha katikati ya mji wa Mtwara kinapozungumzwa, pendekezo huwa lilelile: nyumba ya zamani ivunjwe, lipandishwe ghorofa lenye fremu za biashara chini na makazi juu. Wanaolitaka wanasema mji hauwezi kuendelea kutambaa kuelekea Naliendele na Mitengo milele. Wanaolipinga wanauliza nani atapanga. Maswali yote mawili ni ya haki, na la pili mji huu umeshalilipia gharama.

Ramani ya Mtwara ilichorwa kwa matarajio ya mji mkubwa. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga kwa wingi, za Nachingwea zikitarajiwa kusafirishwa kupitia Mtwara, mwaka 1947 ikauacha mwaka 1951, na reli ya Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilibaki barabara pana na mitaa iliyoachana, kiasi kwamba mtu wa Shangani anayekwenda sokoni anahesabu kwanza nauli ya bodaboda. Halafu ikaja gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ila msisimko ulipanda baada ya mwaka 2010, gesi ya bahari kuu ilipoanza kupatikana. Watu walijenga hoteli na nyumba za kupangisha wakimtegemea mgeni wa kampuni anayelipa bila kubembeleza bei. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, mtambo wa kusindika gesi ukapangiwa Likong'o kule Lindi, mazungumzo yake yakachukua miaka. Anayesema tusijenge tena kwa ndoto hapingi maendeleo. Anakumbuka.

Hata hivyo, safari hii wapangaji wapo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 108,000 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Ya mwaka 2022 ikakuta karibu 147,000. Humo wamo wauguzi wa hospitali ya Ligula na wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, wanafunzi wa chuo cha Stella Maris, walimu, watumishi wa halmashauri na watu wa bandarini. Hawa hawatafuti vyumba vitatu vyenye masta na mandhari ya bahari. Wanatafuta chumba na sebule, choo cha ndani, maji yasiyokatika na luku isiyochangiwa na jirani. Ghorofa lililochorwa kwa ajili yao litajaa. Lililochorwa kwa ajili ya mgeni wa gesi litamsubiri.

Upande wa fremu ndiko hesabu nyingi zinakoharibikia. Mwekezaji huona kwamba mita moja ya duka hulipa zaidi ya mita moja ya chumba, basi anajaza fremu ghorofa mbili za chini, akifuata mfano wa Kariakoo. Lakini Kariakoo ina wanunuzi wa nchi nzima na wa nchi jirani. Mtwara ina korosho. Minada ikianza Oktoba fedha hushuka mjini, na bati, pikipiki na vitenge huondoka haraka; ikifika Aprili au Mei, mwenye duka anakaa barazani. Mkopo wa benki unadai kila mwezi, msimu uwepo usiwepo. Kwa maoni yangu, fremu ziwe zile tu zinazotazama barabara, mlango wake mpita njia auone bila kupanda ngazi, na kodi yake ipigiwe hesabu ya Mei. Fremu ya ghorofa ya kwanza, nyuma ya ngazi, mara nyingi huishia kuwa stoo.

Wapo wanaoona makazi juu ya duka ni ugeni. Si ugeni. Mikindani, kilomita chache tu kutoka mjini, ina majengo ya zamani ya aina hiyo: duka chini, familia juu, kuta nene, na roshani inayopokea upepo. Tunachopaswa kuchukua kule ni akili ya ujenzi wake. Jengo refu lipeleke pande zake fupi mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lisichome vyumba, na kila nyumba ipate madirisha pande mbili ili kusi na kaskazi zipite. Ukuta wa vioo katika joto la Mtwara ni bili ya kiyoyozi anayolipishwa mpangaji.

Hoja ya wapinzani inayonigusa zaidi inahusu maisha yenyewe. Nyumba ya huku ina uani, na uani ndipo panapopikwa kwa mkaa, zinapokaushwa nguo na wanapokaa wanawake bila kutazamwa. Ukimpandisha mtu ghorofa ya tatu na jiko la futi sita, mkaa atauwasha wapi? Na msiba ukitokea, turubai litafungwa wapi, waombolezaji wa usiku wakae wapi? Wasanifu wengi hulijibu hili kwa kusema watu watazoea. Hilo si jibu. Liachwe eneo la wazi katikati ya jengo, lenye bomba la maji na choo, ambalo halitageuzwa maegesho, na kila nyumba iwe na kibaraza cha jiko chenye kuta za kusitiri. Eneo hilo litakula nafasi ya fremu kadhaa, najua. Bila hilo, familia zitahama mojamoja na jengo litabaki la watu wapita njia.

Kuhusu urefu, sioni sababu ya kuzidi ghorofa tatu juu ya fremu. Lifti inataka umeme wa uhakika, jenereta na fundi ambaye pengine atatoka Dar es Salaam. Zaidi ya hapo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, lakini wenye sehemu lazima washirikiane kuyatunza yaliyo ya wote. Kuchangia pampu na taa za ngazi watu wanaweza. Kuchangia lifti ambayo mtu wa chini haipandi kunaleta ugomvi.

Ujenzi wenyewe una faida moja kubwa hapa: saruji inatoka Msijute, kiwandani kwa Dangote. Saruji ya karibu haitoshi, maana hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikifika kwenye nondo zege hupasuka kutoka ndani. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 40 hadi 50 upande wa nje, mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, na fundi asiruhusiwe kuongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi. Tumeona jengo la Kariakoo likianguka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Tuliona pia tahadhari ya kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024, kwa hiyo paa la bati lisipigiliwe kama la banda. Maji taka nayo yahesabiwe mapema: shimo la familia moja halibebi familia ishirini na mgahawa chini yake.

Linabaki suala ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Nyumba inayovunjwa ina wapangaji, na barazani kwake kuna fundi cherehani na mama lishe. Mwenye kiwanja akiingia ubia na mwekezaji, mkataba utaje kabla ya kubomoa ni sehemu zipi zitakuwa zake, ghorofa ipi na upande upi, badala ya kuandika asilimia tu. Na wale wa barazani wapewe nafasi ya kwanza ya fremu ndogo, za upana wa mita mbili, kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inawafungia mlango kabla jengo halijapakwa rangi.